Akiba Mbili za Figo



Nitaanza na mama mmoja ambaye jina lake silitaji. Alikuwa na umri wa miaka 49, muuza vitenge, na alikuja kliniki kwa ajili ya presha iliyokataa kushuka kwa dawa mbili. Kwapani alikuwa na bahasha ya kaki yenye majibu ya vipimo vya miaka sita. Kreatinini yake, ile taka ya damuni tunayoitumia kukisia kazi ya figo, ilikuwa ya kawaida mwaka hadi mwaka. Pembeni mwa karatasi moja mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Figo safi."

Nilimlaza, nikampaka jeli ya baridi ubavuni, nikaweka kipimo cha ultrasaundi. Nilitarajia kuona umbo la haragwe, urefu wa sentimita 11 hivi. Badala yake kioo kilijaa miviringo myeusi, mikubwa na midogo, imebanana kama zabibu kichalani. Figo ilivuka ukingo wa picha, ikanibidi niipime vipande viwili na kujumlisha. Sentimita 17. Ya pili nayo vivyo hivyo.

"Daktari, mashimo hayo meusi ni nini?"

"Si mashimo, mama. Ni vifuko. Ndani mna maji."

Akanyamaza kidogo. "Maji hayo yametoka wapi? Na mbona karatasi zote zinasema figo zangu nzima?"

Maswali hayo mawili ndiyo mhadhara wangu. Majibu yake yanakutana kwenye neno ambalo mfanyabiashara yule alilijua kuliko mimi: akiba. Wahenga wametuambia akiba haiozi. Kweli, haiozi, lakini huliwa. Huu ni ugonjwa unaokula akiba ikiwa ghalani, mlango umefungwa, mwenye nyumba hana habari.

Figo za mfalme

Ugonjwa wenyewe si mgeni. Desemba 1586, Stefan Batory, mfalme wa Poland, alifariki mjini Grodno, ambao leo uko Belarusi. Aliyepasua maiti yake ili ihifadhiwe aliandika kwamba figo zake zilikuwa kubwa kama za ng'ombe dume, na uso wa figo hizo umejaa matuta. Wanahistoria wa tiba wanaichukulia habari hiyo kuwa miongoni mwa maelezo ya kale kabisa ya figo zenye vifuko vingi. Ilipita miaka mia tatu ndipo Mfaransa Félix Lejars, mwaka 1888, alipoupa ugonjwa jina lake la kitaalamu na kusisitiza kwamba hushika figo zote mbili.

Mwaka 1957 daktari wa Denmark, Dalgaard, alichapisha kazi kubwa iliyofuatilia wagonjwa 284 pamoja na koo zao. Ndiye aliyeuweka wazi utaratibu wa urithi: mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuupata, wa kike sawa na wa kiume. Ni shilingi inayorushwa kila mimba inapotungwa, na shilingi haikumbuki ilivyoanguka mara iliyopita. Ndiyo maana katika familia moja watoto wote wanne huponea, na katika nyingine wote wanne hupatwa.

Makadirio ya kitaalamu ya wenye ugonjwa huu hutofautiana, kuanzia mtu 1 kati ya 400 hadi mtu 1 kati ya 2,500. Hata tukichukua idadi ndogo kabisa, huu ni miongoni mwa magonjwa ya kurithi ya jeni moja yanayoonekana sana duniani. Uko pia mwingine, wa nadra, ambao humpata mtoto iwapo wazazi wote wawili wamempa jeni mbovu. Huo huonekana tumboni au utotoni, na una jeni yake katika kromosomu ya 6. Leo nitashughulika na huu wa watu wazima.

Akiba ya kwanza: nakala ya pili

Jeni zinazohusika kwa wagonjwa wengi ni mbili. Ya kwanza, PKD1, iko katika kromosomu ya 16, na ndiyo chanzo kwa takriban wagonjwa 8 katika kila 10. Ya pili, PKD2, iko katika kromosomu ya 4. PKD1 ilinaswa mwaka 1994, na walioitoa mafichoni ni familia moja ya Ureno. Mama na binti yake walikuwa na figo zenye vifuko, na wote wawili walikuwa na kromosomu ya 16 iliyokatika na kubadilishana vipande na kromosomu ya 22. Mkato ulipita katikati ya jeni yenyewe. Watafiti walipofika pale palipokatika, wakaikuta. PKD2 ilifuata mwaka 1996.

Sasa tazameni fumbo hili. Aliyerithi jeni mbovu anayo katika kila seli ya mwili wake. Kila figo ina nefroni kama milioni moja, yaani vichujio vidogo vyenye mirija yake. Kama ubovu umo katika seli zote, mbona mirija yote haivimbi? Waliochambua figo hizi kwa hadubini walikuta vifuko vimetoka kwenye nefroni chache mno, kiasi cha moja au mbili katika mia. Nyingine zote zilikuwa na ubovu uleule wa kurithi, na zilikuwa zinafanya kazi.

Jibu lilianzia kwenye saratani ya jicho la watoto. Mwaka 1971 Alfred Knudson, Mmarekani, alitoa hoja kwamba anayeirithi saratani ile huzaliwa na pigo moja tayari, na ugonjwa huanza pale seli fulani inapopata pigo la pili. Mwaka 1996 kikundi cha watafiti wa Marekani kiliipeleka hoja hiyo kwenye figo. Walichukua vifuko kimoja kimoja, wakachunguza jeni za seli za ukuta wake. Wakaona kwamba seli za kifuko kimoja zote ni uzao wa seli moja, na kwamba katika baadhi ya vifuko ile nakala nzima ya jeni, iliyotoka kwa mzazi mwenye afya, nayo imeharibika.

Hiyo ndiyo akiba ya kwanza. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za PKD1, moja ya baba, moja ya mama. Mwenye ugonjwa huzaliwa na moja tu inayofaa. Hiyo moja kwa kawaida inamtosha, kama mtu mwenye ufunguo mmoja wa nyumba anavyoishi miaka bila taabu, mpaka siku anapoupoteza. Seli hujigawa, na katika kujigawa hukosea hapa na pale. Kosa likiiangukia nakala ile ya mwisho, seli hubaki haina kitu. Uchunguzi wa baadaye ulirekebisha picha hii kidogo: si lazima nakala ya pili ife kabisa. Protini inayotokana na jeni ikishuka chini ya kiwango fulani, kifuko chaweza kuanza.

Kwa hiyo mzazi hakumrithisha mwanawe vifuko. Alimrithisha upungufu wa akiba. Vifuko huja kimoja kimoja, kwa bahati mbaya, katika seli hii leo na ile mwakani. Hapa ndipo ndugu wawili wa tumbo moja, wenye kasoro ileile ya jeni, wanapoweza kupishana: mmoja akaanza kusafishwa damu akiwa na miaka 45, mwingine akacheza na wajukuu zake huku figo zinafanya kazi.

Kinywele kilichodharauliwa

Jeni hizo hufanya nini zikiwa nzima? Hutengeneza protini mbili zinazoshikana mikono, polisistini-1 na polisistini-2. Ya kwanza ni ndefu mno, ina asidi amino zaidi ya 4,300, na sehemu kubwa yake hutokeza nje ya seli kama mkono unaopapasa. Ya pili ni mlango unaopitisha kalisi.

Mahali zinapokaa palifahamika kwa njia ya mbali. Mwaka 1999 watafiti waliokuwa wakichunguza kijidudu cha udongoni, mnyoo usiozidi milimita moja, waligundua kwamba dume lisilo na jeni inayofanana na PKD1 humgusa jike lakini halioni pa kujamiiana. Jeni hiyo ilikuwa ikifanya kazi kwenye vinywele vya neva za kuhisi. Mwaka uliofuata ikabainika kwamba panya fulani wa maabara wenye figo za vifuko wana vinywele vifupi kupita kiasi kwenye seli za mirija ya figo.

Kinywele hicho karibu kila seli ya mrija wa figo inacho, kimoja tu, kimechomoza ndani ya mrija ambamo mkojo unapita. Kwa miongo mingi vitabu vilikiona kama masalio yasiyo na kazi. Leo tunajua polisistini zimekaa juu yake, na kwamba kupitia hapo seli hupata habari za mahali ilipo. Jinsi habari hiyo inavyosomwa bado ni uwanja wa mabishano. Wako wanaosema kinywele hupima mkondo wa maji. Jaribio la mwaka 2013 lilitatanisha zaidi: panya walioondolewa polisistini pamoja na vinywele walipata vifuko vichache kuliko walioondolewa polisistini peke yake. Maana yake kinywele chenyewe hutoa amri ya kukua, na kazi ya polisistini ni kuizuia isipitilize. Ni breki, na breki ikikatika gari halihitaji kusukumwa.

Kutoka mrija hadi kifuko

Nawaomba sasa tuifuate seli moja iliyopoteza breki. Imo ndani ya ukuta wa mrija mwembamba kuliko unywele wa kichwa. Wenzake wanajigawa mara chache tu, kila mmoja akifidia aliyekufa. Hii inajigawa, na watoto wake nao wanajigawa. Ukuta unapanuka kwa upana pale usipotakiwa, unafanya tumbo kama tairi ya baiskeli iliyodhoofika upande mmoja. Katika hatua hii maji yaliyomo ni yaleyale yanayopita mrijani kuelekea kwenye kibofu.

Vifuko vinapofikia milimita mbili hivi, vingi hukatika kutoka kwenye mrija vilikotoka. Vinabaki visiwa. Hakuna kinachoingia wala kutoka kwa njia ya kawaida, na bado vinaendelea kujaa. Hapa ndipo lilipo jibu la mama yule. Maji yale ukuta wenyewe unayavuta.

Mrija wa figo umeumbwa kunyonya: kwa siku figo huchuja lita kama 180 za majimaji ya damu, nasi tunakojoa lita moja na nusu hivi, kwa sababu karibu yote yamerudishwa. Katika seli zisizo na polisistini, kalisi huvurugika na kemikali moja ya kupitisha amri, inayoitwa AMP duara, hupanda. Kemikali hiyo hufungua mlango wa kloridi upande wa ndani wa kifuko. Kloridi ikipita, sodiamu huifuata, na chumvi ikienda maji hayabaki nyuma. Aliyewahi kunyunyizia chumvi matango yaliyokatwa na kurudi baada ya robo saa ameyaona maji hayo. Kemikali hiyohiyo huziamuru seli za ukuta zizidi kujigawa, hivyo nyumba inapanuliwa huku inajazwa.

Na nani huipandisha AMP duara figoni? Mmojawapo ni homoni ya vasopresini, ile inayotolewa na ubongo tunapopungukiwa maji mwilini ili figo zibanie mkojo. Likumbukeni jina hilo, nitalirudia.

Wakati nao una neno. Mwaka 2007 watafiti waliizima jeni ya Pkd1 katika panya wachanga kwa siku tofauti. Waliozimiwa kabla ya siku ya 13 tangu kuzaliwa walijaa vifuko ndani ya wiki tatu. Waliozimiwa baada ya siku ya 14 walikaa miezi mitano kabla havijaonekana. Siku moja, tofauti ya miezi. Figo inayokua ni shamba lenye mvua: mbegu mbaya ikidondoka humo huota haraka. Figo iliyokomaa ni shamba kavu, lakini majaribio yameonyesha kwamba ikijeruhiwa, katika juhudi zake za kujiponya huamsha tena ule ukuaji, na vifuko hufuata.

Akiba ya pili: vichujio vya ziada

Nirudi kwenye karatasi yenye wino mwekundu. Aliyeandika "Figo safi" hakudanganya. Alisoma kipimo kisichoweza kuona.

Tumezaliwa na vichujio vingi kuliko tunavyohitaji. Ndiyo maana mtu humpa nduguye figo moja na akaishi vizuri. Kifuko kinapokua hukandamiza nefroni za jirani na mishipa ya damu, huzuia mirija, na pembeni yake makovu huanza. Nefroni hufa, lakini zilizobaki hubeba kazi za marehemu. Kreatinini haipandi. Hali hiyo huendelea miaka ishirini, thelathini.

Ukubwa wa figo, kwa upande wake, hausubiri. Uchunguzi wa Marekani ulifuatilia watu 241 wenye umri wa kati ya miaka 15 na 45 kwa picha za MRI kila mwaka. Figo zao zilikua kwa wastani wa asilimia 5 na kitu kwa mwaka, na kila mmoja alishika mwendo wake bila kuyumba sana. Asilimia 5 ni ndogo masikioni. Aliyewahi kukopa anajua riba juu ya riba: kwa mwendo huo figo hurudufu kila miaka 14 hivi. Ongezeni na hesabu ya tufe: kifuko kikirudufu kipenyo, maji yake yamekuwa mara nane. Figo ya gramu 150 yaweza kufikia kilo kadhaa, mgonjwa akawa hawezi kuinama kufunga viatu.

Kreatinini ikianza kupanda, akiba imekwisha, na kinacholiwa sasa ni mtaji. Kwa wenye kasoro ya PKD1, wastani wa umri wa figo kushindwa ni miaka 54. Kwa wenye PKD2 ni miaka 74.

Kabla ya hapo mwili hutoa fununu, na ya kwanza mara nyingi ni presha. Vifuko vikibana mishipa, sehemu za figo hukosa damu, nazo hudhani mwili mzima umekaukiwa, zikatoa homoni za kupandisha msukumo. Presha ya kijana wa miaka 28 ambaye ukoo wake una watu wa "presha na figo" si ya kuandikiwa vidonge tu na kuagwa. Fununu nyingine ni maumivu ya ubavu, damu kwenye mkojo, mawe, na vifuko vya ini, ambavyo huwasumbua zaidi wanawake. Na wagonjwa kama mmoja katika kumi huwa na uvimbe kwenye mshipa wa ubongo. Ukoo uliopoteza watu kwa damu kuvilia ubongoni ghafla umwambie daktari.

Kinachowezekana

Wenye historia ya ugonjwa katika familia hupimwa kwa ultrasaundi, kipimo kilichosambaa hata kwenye hospitali za wilaya. Kwa mtu wa miaka 15 hadi 39 ambaye mzazi wake anao, vifuko vitatu kwa jumla vinatosha kuthibitisha. Akiwa na miaka 40 hadi 59, tunataka angalau viwili katika kila figo, maana umri peke yake huleta kifuko kimoja kimoja kisicho na maana. Ambaye hana historia yoyote na amekutwa na kifuko kimoja asikose usingizi.

Dawa ya kuzuia vasopresini, tolvaptani, ilijaribiwa kwa wagonjwa 1,445 na matokeo yakatoka mwaka 2012. Kwa miaka mitatu figo za waliotumia dawa zilikua asilimia 2.8 kwa mwaka, na za waliopewa vidonge visivyo na dawa zilikua asilimia 5.5. Haikomeshi, inapunguza kasi. Inakojoza usiku na mchana, inahitaji ini lichunguzwe mara kwa mara, na bei yake iko mbali na mifuko ya wengi wetu.

Presha yetu sote tunaiweza. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba vijana waliodhibitiwa mpaka kwenye 110/75 au chini yake, figo zao zilikua polepole zaidi, kwa kiasi cha asilimia 14, kuliko waliodhibitiwa kwa kiwango cha kawaida. Dawa zilizotumika humo ni za zamani, zipo madukani. Punguzeni chumvi. Diklofenaki na ibuprofeni za kununua kiholela kila mgongo unapouma, ziacheni.

Na ule ushauri wa kunywa maji mengi? Una mantiki, kwa kuwa maji huishusha vasopresini. Lakini watafiti wa Australia waliupima kwa miaka mitatu, matokeo yakatoka mwaka 2022: walioandikiwa maji mengi figo zao zilikua sawa na walioachwa wanywe kwa kiu yao. Kunyweni msikaukiwe, lakini msiyategemee kama tiba.

Nimebakiza habari moja. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani waliwaacha panya wapate vifuko, kisha wakaiwasha tena jeni waliyokuwa wameizima. Vifuko vilinywea. Figo zilipungua ukubwa, na kuta zilizotanuka zikarudi kwenye umbo la mirija. Panya si mtu, na hatuna swichi ya namna hiyo kwa binadamu. Lakini tulidhani kifuko ni kaburi la nefroni, na panya wale wameonyesha kwamba nefroni nyingine zimefungiwa tu.

Yule mama alirudi baada ya mwezi mmoja na wanawe wawili. Binti wa miaka 27 hakuwa na kifuko hata kimoja, nikamwambia nitampima tena baadaye. Kijana wa miaka 23 alikuwa navyo vitano. Figo zake bado zilikuwa na urefu wa kawaida, na kreatinini yake ilikuwa safi kama ilivyokuwa ya mama yake kwa miaka yote ile. Alikaa kimya akiangalia sakafu.

Mama akatoa mkobani daftari la hesabu, la aina ileile anayoandikia madeni ya vitenge, akaliweka mezani kwangu. Alikuwa ameshalipiga mistari: tarehe, presha ya asubuhi, presha ya jioni, dawa. Safu ya mwisho ilikuwa wazi, haina jina. Nilipomuuliza ni ya nini, alimsogezea mwanawe kalamu. "Hiyo utaijaza wewe kila mwaka," akamwambia. "Urefu wa figo. Nataka kuona kilichobaki, sitaki tena kuambiwa kiko salama."